Umehamisha matairi, gari limebaki na ramani ya zamani: Unajaza upepo tairi lipi?

Dar es Salaam. Chukulia upo Chalinze, safari ya Dodoma, gari limejaa watu na mizigo. Taa ya njano inawaka kwenye dashibodi. Skrini inakuonyesha tairi la mbele kushoto lina psi 25, mengine matatu yako kwenye 34 na kitu.

Unaingia kituo cha mafuta, unamwita kijana wa upepo akuongezee la mbele kushoto. Anachomeka geji, anashangaa.

"Bosi, mbona hili lina 34 tayari?"

"Ongeza tu mdogo wangu, gari lenyewe limeshasema."

Anaongeza. Unawasha gari, unaondoka. Skrini bado inasema 25.

Hapo umefanya makosa mawili kwa wakati mmoja. Tairi la mbele ambalo lilikuwa zima sasa limejaa kupita kiasi, na la nyuma kushoto lenye msumari linaendelea kupoteza upepo huku likibeba mzigo, na Dodoma bado ni zaidi ya kilomita 300.

Gari halikudanganya. Wiki iliyopita fundi alihamisha matairi, ya mbele yakaenda nyuma na ya nyuma yakaja mbele. Matairi yalihama, ila hakuna aliyeliambia gari.

Kwa nini tairi lenye upepo mdogo ni hatari kuliko linavyoonekana

Tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi pembeni kila linapozunguka. Kujikunja huko huzalisha joto. Ukiongeza spidi, mzigo na lami ya saa saba mchana, joto linapanda hadi tabaka za ndani zinaanza kuachana. Dereva haoni chochote mpaka siku linapopasuka.

Teknolojia ya gari kusoma upepo ililazimishwa na sheria kwa sababu hiyo hiyo. Agosti 2000 kampuni ya Firestone iliita matairi milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, baada ya matairi kumeguka barabarani na magari kupinduka. Vifo vilivyohusishwa na matairi hayo vilizidi 200. Mwaka huo huo Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyodai magari mapya yawe na mfumo wa kumtahadharisha dereva, na kufikia Septemba 2007 magari yote mapya madogo ya huko yalitakiwa kuwa nao. Ulaya ikafuata, na kuanzia Novemba 2014 kila gari dogo jipya lililouzwa kwenye Umoja wa Ulaya lilitakiwa kuwa na mfumo huo.

Japan haikuweka sharti kama hilo kwa magari ya soko lake la ndani. Ndiyo maana IST, Vitz au Passo yako haina taa hiyo kabisa, wakati BMW, Mercedes-Benz, Lexus au Volkswagen ya jirani inayo.

Sensa inavyoongea na gari

Sensa tunayozungumzia hapa si ile ya watu na makazi. Ni kifaa kidogo, unaweza kukificha kwenye kiganja, kilichofungwa ndani ya rimu, mara nyingi kwenye mzizi wa valvu unayojazia upepo. Kina betri yake, kinapima upepo na joto la ndani ya tairi, kisha kinatuma taarifa kwa mawimbi ya redio.

Kila sensa ina namba yake ya utambulisho, kama ilivyo IMEI ya simu. Ikituma ujumbe inasema: mimi ni namba fulani, upepo wangu ni huu, joto langu ni hili.

Angalia kilichokosekana kwenye ujumbe huo. Sensa haisemi "niko mbele kushoto". Haijui iko wapi. Anayejua ni kompyuta ya gari, ambayo ina orodha ya namba nne na nafasi ya kila namba. Fundi akihamisha tairi, sensa inahama nalo ikiwa ndani ya rimu, lakini orodha inabaki vilevile.

Kwa hiyo namba unayoiona kwenye skrini ni ya kweli. Kuna tairi kwenye gari lako lenye psi 25. Kilichokosewa ni anwani.

Kuna jambo lingine linalochanganya watu wakishatoka kwa fundi. Gari likisimama muda mrefu, sensa hulala ili kutunza betri. Huamka magurudumu yakianza kuzunguka kwa kasi ya kutosha. Ukikuta vistari badala ya namba mara tu unapowasha gari, usianze kugombana na mtu. Endesha dakika kadhaa kwanza.

Si kila gari lina tatizo hili

Hapa ndipo ushauri wa vijiweni unapogongana. Mmoja atakwambia "mimi nimehamisha matairi mara tano na sijawahi kugusa kitu", mwingine atasema lazima uende kwenye mashine. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, magari yao tu ndiyo tofauti.

Kundi la kwanza ni magari yanayojitambua yenyewe. Haya yana akili kidogo zaidi. Sensa zake zinaweza kuhisi zinazungukia upande gani, hivyo gari linajua lipi ni la kushoto na lipi la kulia. Kisha linalinganisha mzunguko wa kila sensa na taarifa za mfumo wa ABS, ambao unajua kila gurudumu linazunguka vipi, mpaka linapata jibu. Ukiendesha kwa muda, mara nyingi dakika 10 hadi 20, namba zinajipanga upya bila wewe kufanya lolote.

Kundi la pili ni magari yanayohitaji kufundishwa. Mengine unaingia kwenye menyu ya skrini na kuchagua kuanza upya. Mengine, hasa ya Marekani, yana utaratibu wa kwenda gurudumu moja moja ukiwa na kifaa kidogo cha kuamsha sensa: unaanza mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kulia, unamalizia nyuma kushoto, na gari linapiga honi kila linapoipokea sensa. Na yapo ambayo hayakubali mpaka fundi achomeke mashine ya kusomea gari kwenye soketi iliyo chini ya usukani na kuandika namba upya.

Kundi la tatu ni magari yenye sensa lakini hayaonyeshi namba za kila tairi. Toyota na Lexus nyingi za miaka ya nyuma zina taa moja tu: kuna tairi limepungua, litafute mwenyewe. Kwa gari kama hilo kuhamisha matairi hakuharibu ramani, kwa sababu ramani yenyewe dereva hajawahi kuonyeshwa.

Halafu lipo kundi la nne, ambalo ndani ya tairi hakuna kitu. Volkswagen na Audi nyingi, pamoja na baadhi ya Mazda na Honda, hutumia ABS peke yake. Wazo lake ni rahisi: tairi likipungua upepo, kipenyo chake kinapungua kidogo, hivyo linalazimika kuzunguka mara nyingi zaidi ili kwenda sawa na wenzake. Gari linaona gurudumu moja lina haraka kuliko mengine, linawasha taa.

Mfumo huu haukupi psi hata moja, na baada ya kuhamisha matairi ni lazima uuanzishe upya. Tairi lililokaa mbele limelika tofauti na lililokaa nyuma, vipenyo havifanani tena na vile gari ilivyovizoea. Usipoanzisha upya, taa inaweza kuwaka bila sababu, au ikachelewa kuwaka wakati sababu ipo. Mifumo ya zamani ya aina hii ina udhaifu mwingine pia: matairi yote manne yakipungua kwa kiwango sawa, haioni kitu, kwa sababu hakuna linalozunguka tofauti na mwenzake.

Utajuaje la kwako ni kundi gani? Kitabu cha gari ndicho chenye jibu la uhakika, na kama kilikuja kwa Kijapani au hakikuja kabisa, tafuta toleo la mtandaoni la modeli na mwaka wako. Njia ya haraka ni kuangalia skrini. Ukiona psi, bar au kPa ya kila tairi, kuna sensa ndani ya rimu. Ukiona kitufe kilichoandikwa SET na hakuna namba popote, inawezekana ni ABS, au ni Toyota ya kundi la tatu.

Kitufe cha SET si cha kuzimia taa

Hili linastahili kusemwa kwa herufi kubwa. Kitufe hicho hakijazi upepo. Kazi yake ni kuliambia gari: hali iliyopo sasa hivi ndiyo ya kawaida, ishike.

Dereva ambaye tairi lake lina psi 24, taa ikawaka, akabonyeza SET na taa ikazima, anaweza kuwa amelifundisha gari kwamba 24 ndiyo sahihi. Kuanzia hapo gari litakaa kimya hadi tairi lishuke chini zaidi ya hapo. Taa imezima, hatari imeongezeka.

Mpangilio sahihi ni huu: jaza matairi yote kwa kiwango chake yakiwa yamepoa, thibitisha kwa geji, ndipo ubonyeze. Kwenye Toyota nyingi zenye kitufe hicho unakishikilia hadi taa ipepese taratibu mara tatu. Baada ya hapo gari linahitaji kuendeshwa kwa muda ili lijifunze, na kwa mifumo ya ABS inaweza kufika hata saa nzima ya barabarani yenye spidi tofauti tofauti. Foleni ya Mwenge haisaidii sana.

Jaribio la bure la kujua kama ramani ni sahihi

Huna mashine, fundi anakwambia "itajiseti yenyewe", na wewe una safari kesho. Kuna njia ya kujua ukweli kwa geji tu.

Asubuhi kabla gari halijatembea, chagua tairi moja, mfano la mbele kulia. Toa upepo kidogo, psi 4 hivi. Usitoe zaidi. Endesha taratibu mtaani dakika chache mpaka sensa ziamke na namba zitokee, kisha angalia skrini.

Kama namba iliyoshuka ni ya mbele kulia, hiyo nafasi iko sawa. Kama imeshuka ya nyuma kushoto, tayari unajua fundi alipeleka wapi. Rudisha upepo ule, jaribu tairi linalofuata.

Ukitaka kumaliza kwa mkupuo mmoja, pandisha kila tairi kwa namba yake. Tuseme kiwango cha gari lako ni 33: weka mbele kushoto 33, mbele kulia 35, nyuma kushoto 37, nyuma kulia 39. Tembea kidogo, piga picha skrini, linganisha. Ukimaliza yarudishe yote kwenye kiwango, usiende nayo safari yakiwa hivyo.

Usishangae skrini ikitofautiana na geji kwa psi 1 au 2. Geji za vituo vya mafuta zimedondoshwa chini mara nyingi kuliko idadi ya magari zilizopima siku hiyo. Unachotafuta ni mpangilio wa nani mkubwa, nani mdogo. Hapo ndipo anwani inapojulikana.

Mpaka utakapolirekebisha, kaa na karatasi ndani ya gari: "skrini ikisema mbele kushoto, maana yake nyuma kushoto." Haina hadhi, lakini pale Chalinze ingetosha.

Ramani sahihi, upepo wenyewe bado haujabadilishwa

Hata gari linalojitambua lenyewe lina mtego mmoja, na mafundi wengi huupita.

Magari mengi hayataki upepo sawa mbele na nyuma. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo ya mlango, kuna stika yenye viwango. Ikiwa stika inasema mbele 33 na nyuma 36, basi tairi lililotoka mbele na kwenda nyuma limefika huko na 33 yake, na la nyuma limekuja mbele na 36. Sasa gari lina upepo mdogo pale linapobeba mzigo na mwingi pale unapohitaji mshiko wa breki na usukani.

Psi 3 haziwashi taa. Kwa kanuni ya Marekani, taa inatakiwa kuwaka tairi likishuka asilimia 25 chini ya kiwango kilichopendekezwa. Kwa tairi la 36, hiyo ni 27. Maana yake unaweza kutembea na 29 miezi mitatu na dashibodi ikakaa kimya kabisa. Taa ni kengele ya mwisho.

Kwa hiyo kila mara matairi yakihama, upepo upangwe upya kulingana na nafasi mpya, kwanza. Ramani ya gari baadaye.

Na tafadhali, namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe si kiwango cha gari lako. Ni kikomo cha juu cha tairi hilo. Stika ya mlangoni ndiyo ya gari. Ikiwa kwa kPa, 230 ni sawa na psi 33 hivi. Kwa bar, 2.3 ni hiyo hiyo.

Kingine cha kumuuliza fundi kabla hajashika jeki ni muundo wa matairi yako. Yale yenye mshale ubavuni wa kuonyesha upande wa kuzunguka hayavuki kutoka kushoto kwenda kulia, yanahama mbele na nyuma ya upande ule ule. Gari lenye matairi mapana zaidi nyuma kuliko mbele halihamishwi kabisa kwa mtindo huo. Kwa mengine, kila kilomita 8,000 hadi 10,000 ni muda ambao watengenezaji wengi wanapendekeza.

Mbona namba zimepanda zenyewe?

Umejaza 33 asubuhi Dar, ukifika Morogoro skrini inasema 37. Hakuna aliyeongeza. Hewa ikipata joto inatanuka, na tairi la safari linapata joto. Kwa makadirio, kila nyuzi joto 5 hadi 6 za Selsiasi huongeza psi 1.

Usitoe upepo ili kurudi 33. Ukifanya hivyo, kesho asubuhi matairi yakiwa yamepoa utajikuta na 29. Vipimo vya stika ni vya tairi lililopoa, yaani gari lililosimama angalau saa tatu au lililotembea kilomita moja na ushee tu.

Wanaopanda nyanda za juu wana hesabu nyingine. Kadiri unavyopanda, hewa ya nje inakuwa nyepesi, hivyo geji ikilinganisha ndani na nje inaona tofauti kubwa zaidi. Tairi lililojazwa Dar, usawa wa bahari, likipimwa Mbeya kwenye mita 1,700 hivi linaweza kusoma psi 2 hadi 3 juu kwa sababu ya mwinuko peke yake, kabla baridi ya Mbeya haijalishusha tena. Sensa za baadhi ya magari hazihesabu mwinuko kwa namna geji inavyofanya, ndiyo maana hapo juu skrini na geji hugombana kuliko zilivyokuwa zikigombana pwani.

Taa inayopepesa ni habari nyingine

Alama yenyewe inafanana na chungu kilichokatwa katikati, ndani kuna alama ya mshangao. Ikiwaka na kutulia, kuna tairi limepungua. Ikipepesa kwa dakika moja hivi kila unapowasha gari, kisha ikatulia ikiwa imewaka, gari linasema: nimeshindwa kumpata mmoja wa watu wangu.

Kwa waliohamisha matairi tu, hali hii haitakiwi kutokea, kwa sababu sensa zote bado zipo kwenye gari. Ikianza kupepesa mara baada ya kutoka kwa fundi, uwezekano mkubwa ni kwamba tairi la spea limeingizwa kwenye mzunguko na halina sensa, au sensa moja imevunjwa.

Kwa waliobadili rimu nzima, ni karibu lazima. Rimu za mtumba za Kariakoo zinaweza kuja bila sensa, au zikaja na sensa za gari lililobaki Osaka. Namba hizo gari lako halizijui. Hata ukitaka kuzisajili, kuna suala la mawimbi: magari ya Japan na Marekani kwa kawaida hutumia megahezi 315, ya Ulaya 433. Sensa ya 433 ndani ya gari la 315 ni sawa na kuongea na mtu aliyeweka stesheni nyingine. Kabla hujalipia mtandaoni, mwombe muuzaji namba hizo.

Njia inayopunguza usumbufu ni sensa za kuandikwa, ambazo fundi mwenye kifaa anaweza kunakili namba ya sensa yako ya zamani na kuiingiza kwenye mpya. Gari linadhani ni yule yule. Halihitaji kufundishwa.

Njia isiyofaa ni ya kuzima taa kabisa kwa kuchezea dashibodi. Anayenunua gari lililotumika anaweza kuigundua kwa sekunde tatu: washa swichi bila kuwasha injini, alama zote za dashibodi zinatakiwa kuonekana kwa muda mfupi. Chungu kile kisipotokea kwenye gari ambalo kitabu chake kinasema kipo, kuna mtu alikifunika.

Kabla fundi hajaingiza mtaimbo

Kuhamisha magurudumu bila kutoa tairi kwenye rimu hakugusi sensa. Hatari ipo siku ya kuziba pancha kwa ndani au kufunga tairi jipya. Fundi asiyejua kuna sensa ataweka mtaimbo au mashine ya kubandulia tairi karibu na valvu, na plastiki ile haina ubishi na chuma.

Mwambie mapema, na kwa adabu: "Fundi, humu kuna sensa, anzia mbali na valvu." Sentensi hiyo ni nafuu kuliko sensa.

Gundi za kumimina ndani ya tairi ili kuziba pancha nazo zina shida, zinaweza kuziba tundu dogo ambalo sensa hupimia upepo. Zipo zinazouzwa kuwa ni salama kwa sensa, soma kopo kwanza. Na kwa wakazi wa Dar, Tanga na Zanzibar, chumvi ya hewani ina ugomvi wake na valvu za alumini: kofia ya chuma iliyokazwa juu yake huganda mpaka siku unaitoa inatoka na shingo ya valvu. Kofia ya plastiki haina mvuto lakini inatoka.

Betri ya sensa kwa kawaida huishi miaka 5 hadi 10, na nyingi zimefungwa ndani ya gundi ngumu, huwezi kubadili betri peke yake. Kenya inazuia magari ya mtumba yenye zaidi ya miaka 8 kuingia nchini. Hata hilo la miaka 7 linalokubaliwa huenda betri zake ziko ukingoni. Tanzania, ambako yanaingia ya umri mkubwa zaidi, hali ni hiyo hiyo na zaidi. Ukiona namba ya tairi moja inatokea na kupotea, na ramani umeshaihakiki, mashine ya fundi inaweza kusoma kama betri ya sensa hiyo imeisha. Kuibadili siku ileile unayofunga tairi jipya kunakuokolea gharama ya kufungua mara mbili.

Na zile sensa za kofia?

Wenye IST, Noah na Hiace wamepata njia yao: sensa nne zinazofungwa juu ya valvu badala ya kofia, na kiskrini kidogo cha sola juu ya dashibodi. Zinafanya kazi, na hazihitaji kufungua tairi.

Lakini ziangalie vizuri. Kila kofia imeandikwa herufi. FL ni mbele kushoto, FR mbele kulia, RL nyuma kushoto, RR nyuma kulia. Fundi akihamisha magurudumu, kofia zinahama nazo, na umerudi kwenye tatizo lile lile la Chalinze. Tofauti ni kwamba hapa tiba ni ya dakika tano: zifungue zote nne, ifunge kila moja kwenye gurudumu linalolingana na herufi zake, hakikisha hakuna inayovujisha kwa kupaka mate au povu la sabuni.

Kijana wa upepo naye mwangalie. Akizifungua zote nne na kuziweka mfuko mmoja, atazirudisha anavyojua yeye.